Mita Mbili na Nusu

Jumatatu asubuhi nilifungua jedwali la makadirio nikakuta bei ya umeme wetu imeshuka kutoka senti arobaini na saba kwa uniti hadi senti ishirini na tisa. Ijumaa jioni niliiacha kwenye arobaini na saba. Wikiendi yote hakuna aliyepunguza bei ya chuma, hakuna aliyeokota kebo ya bure, hakuna nanga iliyoota yenyewe baharini. Lakini senti kumi na nane zilikuwa zimeyeyuka. Wakopeshaji wetu walikuwa waje Ijumaa ya wiki hiyo, na tangu mwanzo walishasema kwamba wakiona chochote juu ya thelathini hawatafungua hata mkoba. Ishirini na tisa ilipita chini ya mstari wao kwa senti moja tu, kama mtu aliyeinamisha kichwa mlangoni.

Chai niliiacha ipoe.

Mimi ni mkadiriaji gharama. Kabla ya kampuni hii nilikadiria nyumba, na nilizoea wateja wanaokuuliza bei ya paa, ukiwatajia wanakuuliza kama ni lazima mvua inyeshe. Nilipohamia kwenye umeme wa mawimbi nilidhani nitakutana na watu wa sayansi. Nilikutana na wateja walewale, tofauti ni kwamba hawa walivaa tai.

Kazini waliniita Bi Kasoro, kwa sababu kila walicholeta nilikirudisha na kasoro yake imezungushiwa kalamu nyekundu. Sikujali. Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Unachukua kila kitu ambacho mtambo utakula kwa miaka ishirini: chuma, nanga, minyororo, kebo ya kuleta umeme nchi kavu, boti ya matengenezo, mishahara, bima, hadi gharama ya kuung'oa siku ya mwisho. Unajumlisha. Halafu unagawanya kwa uniti zote za umeme utakaotoka katika miaka hiyo. Jibu ndilo bei. Watu wengi wakitaka kudanganya hubana pale juu, kwenye gharama. Mjanja hahangaiki na juu. Anavimbisha chini, kwenye uniti, kwa sababu uniti za kesho hakuna aliyeziona.

Kwa hiyo nilianza kutafuta chini, na nusu saa haikuisha nikapata. Kilikuwa kisanduku kimoja tu, kimeandikwa "kikomo cha wimbi". Mimi nilikuwa nimeweka mita moja na nusu. Sasa palisomeka mita mbili na nusu.

Niseme kisanduku kile kilifanya kazi gani. Mtambo wetu ni maboya mawili makubwa ya chuma yaliyounganishwa kwa bawaba. Wimbi likipita, moja linainuka na jingine linashuka, bawaba inajikunja na kujinyoosha, na mkunjo ule ndio unaosukuma pampu na kuzungusha jenereta. Mafundi walimwita Kobe. Tulikuwa na Kobe mmoja wa majaribio, nje ya ukuta wa bandari, kwa miezi minane, na tulitaka mkopo wa kujenga wenzake kumi na wawili. Ni mtambo mzuri. Nasema hivyo mtu asije akadhani nilikuwa adui yake. Lakini Kobe anaharibika. Katika miezi minane alikuwa amesimama mara tano: bomba la mafuta, sili ya kuzuia maji, bomba tena, betri, bolti. Kila akisimama lazima boti imfuate, ijibane ubavuni mwake, na watu wawili waruke kutoka kwenye boti hadi mgongoni kwake na spana zikining'inia kiunoni. Wimbi likiwa chini ya mita moja na nusu, unaruka. Likizidi hapo, boti inapanda wakati Kobe anashuka, na ukikosea unasagwa katikati.

Uchungu wa biashara yenyewe uko hapa. Mawimbi makubwa ndiyo yanayoleta umeme. Miezi mitatu ya bahari kali inatoa zaidi ya nusu ya umeme wa mwaka mzima, na ni miezi hiyohiyo ambayo boti haiwezi kumkaribia Kobe. Nilikuwa na vipimo vya boya la kupimia mawimbi vya miaka minne. Katika siku tisini za bahari kali, siku ambazo wimbi lilitulia chini ya moja na nusu kwa saa za kutosha kazi moja zilikuwa saba. Saba! Akiharibika wiki ya kwanza, anaweza kukaa pale mpaka msimu uishe huku umeme bora wa mwaka unapita chini ya tumbo lake. Hiyo ndiyo arobaini na saba yangu. Ukiandika mbili na nusu, siku saba zinakuwa sitini na moja, Kobe hasimami hata siku mbili, na umeme unafurika kwenye karatasi.

Mtu alikuwa amebonyeza namba moja na kuwatuma watu wawili wakaruke kwenye wimbi la mita mbili na nusu, kwa miaka ishirini.

Nilimfuata mhandisi wetu. Ni kijana mpole, yeye ndiye aliyebuni bawaba ya Kobe, na kwenye simu yake, pale ambapo wengine wanaweka picha za watoto, ameweka picha ya bawaba.

"Ni wewe?" nilimuuliza.

"Si mimi, dada. Imetoka juu."

"Juu wapi? Mbinguni?"

"Usinianze asubuhi. Mkurugenzi alinipigia jana, akaniambia nibadilishe. Akasema ushahidi upo. Angalia safu ya chanzo."

Safu ya chanzo niliianzisha mimi mwenyewe, na nilikuwa naringa nayo. Katika makadirio yetu kila namba ilikuwa na maelezo pembeni: imepimwa wapi, na nani, lini. Namba ambayo haijapimwa iliruhusiwa kuingia kwa sharti moja, kwamba mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake aitolee kauli na atie sahihi. Niliweka sharti hilo ili watu wa ofisini wasijitungie. Nikatelezesha macho hadi pembeni. Paliandikwa: Kauli ya mtaalamu. Nahodha wa boti.

Nahodha wa boti ni baba yangu.

Na aliyempeleka pale ni mimi. Aliendesha boti za kuvuta meli bandarini miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akakaa nyumbani akigombana na kuku wa jirani. Kampuni ilipotafuta nahodha nilitaja jina moja tu. Siku alipopewa ufunguo wa boti alirudi nyumbani anapiga mluzi, na mimi nilijiona mtoto wa maana.

Mkurugenzi hakukana. Alinikaribisha ofisini, akanionyesha kiti karibu na Kobe mdogo wa plastiki aliyekaa ndani ya kioo, akatoa karatasi kwenye droo. Sahihi niliijua. Ndiyo iliyokuwa ikikaa chini ya ripoti zangu za shule.

"Wewe unakaa na kompyuta," alisema kwa upole, ule upole wa mtu anayekuona mjinga. "Mzee amekaa na bahari miaka thelathini na mmoja. Nimsikilize nani?"

"Amepanda Kobe lini kwenye mbili na nusu?"

"Amesema wanaweza."

"Sijauliza kama wanaweza. Nimeuliza lini."

Alishusha pumzi. "Dada, mradi huu ukikwama watu arobaini na watatu wanarudi nyumbani, na wewe na mzee wako mkiwa mstari wa mbele. Ndicho unachotaka?"

Nilimwambia ninachotaka. Mhandisi alikuwa na mchoro wa ndoano mpya, ulioshinda mwaka mzima mezani kwake. Boti ingesimama mbali, ingevuta kamba, Kobe angefunguka kutoka kwenye nanga zake kwa dakika kumi, akavutwa hadi ndani ya bandari na kutengenezwa kwenye maji yaliyotulia. Hakuna mtu wa kuruka. Chuma kingeongezeka, ndiyo, lakini Kobe asingelala msimu mzima akisubiri, na nilishapiga hesabu mara tatu. Bei ingekuwa thelathini na sita.

"Thelathini na sita si thelathini," alisema.

"Ni ya kweli."

"Ya kweli haikopeshwi." Akarudisha karatasi kwenye droo, akaifunga, na mimi nikaona nikiendelea kukaa pale nitavunja kile kioo.

Nilishuka gatini. Boti ilikuwa imefungwa chini ya ngazi, mabaharia wawili wamekaa nyuma wanasuka kamba, na Baba yuko kwenye chumba cha usukani anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

"Mkaguzi kaja!" aliwaambia mabaharia. "Ficheni vibanio vya nguo, msije mkaulizwa vimenunuliwa shilingi ngapi." Wakacheka. Sikucheka. Niliingia nikafunga mlango.

"Baba, umetia sahihi karatasi ya Mkurugenzi."

"Nimetia."

"Uliisoma?"

"Mimi si mtoto." Aliendelea kufuta. "Alikuja Jumamosi na kreti ya soda, akakaa hapo gatini na sisi. Akasema, mzee, wale wa ofisini wanasema wimbi likipita moja na nusu nyinyi mmekwisha, mbili na nusu hamwendi, ni kweli? Nikamwambia mbili na nusu ni kitu gani. Hata tatu naenda."

"Baba!"

"Ulitaka niseme nini? Mbele ya vijana wangu? Niseme nimezeeka?"

Daftari la safari lilikuwa mbele yangu, kwenye rafu yake chini ya dira. Nililifungua, naye hakunizuia, kwa sababu anauonea fahari mwandiko wake. Kila safari ya Kobe ilikuwa mle, na kila safari ilikuwa na wimbi lake, alilolisoma kwa macho kwenye mistari iliyopakwa rangi ubavuni mwa mtambo. Moja nukta moja, wamepanda. Nukta tisa, wamepanda. Moja nukta nne, wamepanda kwa taabu. Halafu: "1.8. Tumejaribu mara mbili. Haipandiki. Tumerudi." Na wiki sita baadaye: "1.7. Mguu wa baharia umebanwa kati ya boti na mtambo. Mguu umetoka, kiatu kimebaki. Tumerudi."

Hakuwahi kupanda juu ya moja na nusu. Hata siku moja.

"Humu umeandika ukweli mtupu," nilisema. "Kule ukaenda kutia sahihi."

"Punguza sauti."

"Watu wataruka kwa sababu ya sahihi ile, Baba."

"Nimesema punguza sauti." Alilichukua daftari mikononi mwangu na kulirudisha kwenye rafu. "Humu naandika habari za bahari. Jumamosi nilikuwa naongea na watu. Na daftari la boti halitoki kwenye boti, usije ukafikiria kulibeba."

Angekuwa mtu mwingine ningempasha mpaka akome. Lakini baba yako humfokei ndani ya boti yake, mbele ya watu wanaomwita Nahodha. Niliimeza hasira ile nzimanzima, na ilishuka vibaya. Nilipanda ngazi nikiwa nawachukia wote wawili, yule wa soda na huyu wa kufuta kioo, na sijui nilimchukia nani zaidi.

Jumatano saa tano Kobe akasimama. Tuliona kwenye skrini ya ofisi: mstari wa umeme uliokuwa unapanda na kushuka ukalala chali. Bomba la mafuta, mhandisi alisema, kama kawaida. Nje ya ukuta wimbi lilikuwa mita mbili na kidogo. Nilidhani huo ndio mwisho wa uongo, kwamba sasa kila mtu ataona mabaharia wenyewe hawaendi. Nilimdharau Mkurugenzi. Yeye aliitisha kikao, akasugua mikono.

"Hii ni bahati," alisema. "Wageni wanafika Ijumaa saa nne. Watasimama juu ya ukuta wa bandari na kuona kwa macho yao vijana wetu wakienda kumwasha. Utabiri ni mbili nukta tatu au nne. Tuko ndani ya kikomo."

"Kikomo kipi?" nilisema.

"Kilicho kwenye jedwali lako, Bi Kasoro."

Wengine walitazama meza. Mhandisi alitazama simu yake. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba mimi sitalitetea jedwali lile, naye akaniambia sihitajiki kulitetea, Nahodha atalitetea kwa vitendo. Kikao kikaisha hivyohivyo, watu wakachukua vikombe vyao.

Tunaishi ua mmoja, wazazi nyumba ya mbele, mimi na mwanangu vyumba vya nyuma. Alhamisi nilipotoka kazini nilimkuta Mama anapiga pasi shati jeupe la Baba, lile la sare ya zamani ya bandari.

"Kesho anaonyeshwa kwa wageni," alisema bila kuniangalia.

"Mama, mwambie asiende."

"Nimemwambia. Kaniambia kola ikae wima." Akaikandamiza pasi kana kwamba shati ndilo lililomkosea. "Mimi sina la kukusaidia. Wewe ndiye uliyempeleka pale. Alikuwa amekaa zake hapa na kuku."

Nilimwacha na pasi yake. Nilimkuta Baba anakula. Nilimwambia aseme anaumwa. Alisema hajawahi kuumwa siku ya kazi. Nilimwambia aseme injini imekorofisha. Alisema injini ni nzima na yeye si mwongo. Nilicheka, kicheko kibaya, naye akaweka kijiko chini.

"Mwanangu," alisema, "nikisema siwezi, mradi wenu umekufa na kazi yako imekufa. Umelifikiria hilo? Una mtoto wa kusomesha."

"Na wewe ukifa?"

"Sifi mimi. Mimi nashika usukani. Wanaoruka ni vijana." Kisha akainua kijiko akaendelea kula, na nadhani hakuwa amejisikia alichosema.

Ijumaa saa nne wageni walikuwa gatini, watatu, wamevishwa majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa. Mwanamke mmoja wa miwani mikubwa, ambaye ndiye alionekana kuwa mkubwa wao, na wanaume wawili wa kumbebea makabrasha. Mkurugenzi alikuwa anaonyesha bahari kwa mkono mzima, utadhani yeye ndiye aliyeimwaga pale. Nyuma ya ukuta mawimbi yalikuwa yanakuja kwa utaratibu, moja baada ya jingine, na kila lililofika Kobe alizama nusu na kuinuka, amekufa, maji yanamtiririka. Boya la kupimia lilisoma mbili nukta nne.

Baba alikuwa kwenye usukani na shati lake jeupe. Injini inanguruma. Mabaharia wawili wamefunga mikanda ya spana.

Sikuwa nimepanga. Watu wakinisifu kwamba nilipanga wanakosea. Nilikuwa nimesimama juu ya ngazi na faili la makadirio kwapani, nikaona baharia mmoja ana viatu vipya, nikakumbuka kiatu cha kwenye daftari, na damu ikanipanda. Nilimkabidhi mhandisi faili. Nilishuka ngazi, nikaingia kwenye boti, nikachukua mkanda wa akiba kwenye msumari wake nikaanza kujifunga.

"Unafanya nini?" Baba aliuliza.

"Naenda kazini, Nahodha." Sikuwahi kumwita hivyo.

"Shuka."

"Namba iko kwenye jedwali langu. Mimi naruka wa kwanza."

Mkurugenzi alicheka kutoka juu. "Bi Kasoro, acha utani, wageni wanasubiri!"

"Si utani. Mbili nukta nne, tuko ndani ya kikomo. Hata wewe shuka, nafasi ipo." Hakushuka. Alianza kusema jambo kuhusu bima. Nilikaza mkanda.

"Mwanangu, shuka," Baba alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Kwa nini? Mimi ni mwepesi kuliko hawa."

"Hujui kuruka."

"Nifundishe, njia nzima mpaka kule. Ni mbili na nne tu. Ulisema hata tatu."

Aliniangalia. Alitazama nje kupitia mlango wa bandari, kule Kobe alikokuwa anazama na kuinuka, akarudisha macho kwangu, kwenye mkanda, kwenye viatu vyangu vya ofisini.

"Utakufa!" alisema, na ilitoka kwa sauti yake ya bandarini, ile iliyokuwa inafika kwenye meli. "Utakufa pale, na mimi nimeshika usukani nakuangalia! Shuka kwenye boti yangu!"

Gatini wote waligeuka kumtazama. Hata Mkurugenzi.

Yule baharia wa viatu vipya alinyoosha mkono akazima injini.

"Na sisi, Nahodha?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua. Baba alishika usukani wa boti iliyozimwa, kisha akauachia, akapanda ngazi taratibu, goti moja baada ya jingine, akapita katikati ya wageni bila kumtazama mtu na kuondoka kwa miguu na shati lake lililopigwa pasi. Aliponipita alisema maneno mawili tu.

"Umenivua nguo."

Mwanamke wa miwani alinisubiri nipande. Aliniuliza kikomo halisi ni kiasi gani, nikamwambia moja na nusu. Akaniuliza bei, nikamwambia arobaini na saba, lakini kuna njia ya thelathini na sita na mchoro upo. Nilimwita mhandisi, naye akaufungua pale pale juu ya pipa, akaeleza ndoano, kamba, dakika kumi. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili, yote mazuri. Kisha akavua jaketi la kuokolea akalikunja.

"Mngekuja na hii tungeongea," alisema. "Sasa nitaamini vipi namba zenu nyingine?"

Walikuwa wameondoka kabla ya saa sita. Mwezi uliofuata kampuni ilifungwa. Mkurugenzi alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mradi wa umeme wa mawimbi uliuawa na mwanamke mwenye hasira. Ni kweli nina hasira. Ninayo mpaka leo ninapoandika haya, kwa sababu thelathini na sita ilikuwa pale, juu ya meza, mwaka mzima, halali, na mtu mmoja aliona ni rahisi zaidi kununua kreti ya soda. Watu arobaini na watatu. Mhandisi sasa anauza vifaa vya jikoni kwenye duka la shemeji yake. Kobe alivutwa ndani na boti ya kukodi, siku ya wimbi la mita moja, na kuuzwa chuma chakavu.

Baba ndiye aliyenichosha. Aliacha kuongea nami siku ileile. Mama anatupitishia maneno kama karani: mwambie Baba maji yako tayari, mwambie mwanao taa ya uani imeungua. Sikuomba radhi, na siombi. Alitaka nijute, na mimi nilitaka akiri, na hakuna aliyepata.

Lakini kila asubuhi natoka vyumba vya nyuma na bahasha yangu ya kutafutia kazi, napita uani, namkuta kwenye kigoda chake anachambua misumari iliyopinda. Nasema, shikamoo, Baba. Haitikii. Nasema tena, kwa nguvu, majirani wasikie: shikamoo! Anaendelea na misumari. Ana mikono yote miwili, miguu yote miwili, na shingo ngumu kuliko jiwe, na mimi nimemkasirikia mpaka macho yananiwasha, na siondoki. Nasimama pale namwangalia.

Jana alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alisema nimemzibia mwanga.